Nimepanda matembele mbele ya nyumba, HOA wamenipiga faini. Wanaweza kuninadia nyumba?

Kaka mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto watatu, tunaishi kitongoji kimoja kaskazini mwa Dallas, Texas. Mume wangu anaendesha lori na mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nyumba tumeinunua miaka miwili iliyopita kwa mkopo wa miaka 30. Siku ya kusaini tulipewa bunda la makaratasi nene kuliko tofali, tukasaini kila palipobandikwa kikaratasi cha njano. Kumbe humo ndimo tulimokubali kuwa wanachama wa HOA, huo umoja wa wenye nyumba wa mtaa. Ada yao ni dola 620 kwa mwaka na hatujawahi kuchelewesha hata siku moja.

Mwaka huu mji umetangaza mgao wa maji, kumwagilia ni siku moja tu kwa wiki. Majani ya mbele yamekauka yakawa rangi ya mkate wa kuchoma. Nikaona tuta la maua chini ya dirisha limekaa bure, nikapanda matembele, na ubavuni mwake mchicha. Maji nakinga kwenye pipa nililoliweka hapo hapo mbele, chini ya bomba la paa. Pipa la mboji liko pembeni ya gereji. Matembele yamekubali, Kaka, yametambaa mpaka ukingo wa njia, watoto wanachuma jioni tunapika na nazi ya kopo.

Tarehe 10 Juni nikakuta karatasi imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango: rekebisheni bustani. Sikuitilia maanani. Mwezi wa saba nikakuta kikaratasi cha posta kwamba kuna barua ya kusainiwa. Kwa zamu zangu nimeichukua tarehe 15 Julai, ilhali bahasha ina muhuri wa tarehe 6. Makosa ni matatu: majani yasiyotunzwa, mimea isiyoidhinishwa, na mapipa yanayoonekana kutoka barabarani. Natakiwa kurekebisha kabla ya tarehe 31 Julai, la sivyo ni dola 100 kila wiki. Nilipofungua akaunti yetu kwenye tovuti yao nikakuta tayari nadaiwa dola 150: 50 za tarehe 12 Juni na 100 za tarehe 26 Juni.

Mume wangu anasema lipa, ng'oa, yaishe. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna kaka mmoja kaniambia nisilipe chochote, hata ada ya mwaka nizuie mpaka waniombe radhi. Mwingine kasema HOA wanaweza kuipiga nyumba mnada. Tangu siku hiyo sina usingizi, na usingizi wenyewe ni wa mchana.

Kinachoniuma zaidi: jirani wa kona ana mmea unaotambaa, majani ya zambarau na mengine ya kijani mbichi, mzuri kweli. Nimeinama nikautazama. Ni tembele, Kaka! Ila yeye kanunua dukani kwenye kikopo. Hajaandikiwa. Sisi ndio Waafrika pekee mtaani, na roho inaniambia neno ambalo sitaki kulitamka.

Nina haki gani?

Mama Matembele, Texas

*

Marahaba, dada yangu. Nimekuzidi, mvi zinanishuhudia. Na nikuambie mapema kwamba nimewahi kukaa upande wa pili wa hiyo meza: miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa bodi ya HOA ya mtaa wetu, huku huku Texas. Mimi si mwanasheria, lakini najua faini hizi zinavyopikwa, na najua ni zipi tulizokuwa tunazifuta kimya kimya baada ya mwenye nyumba kutuletea karatasi zilizopangwa.

Nyumba kwanza, ili upate usingizi. Sheria ya kushika ni Texas Property Code, yaani sheria ya mali ya jimbo, sura ya 209. Inakataza HOA kuipiga mnada nyumba kwa deni ambalo ni la faini tupu, au la gharama za wakili zilizotokana na hizo faini peke yake. Kwa hiyo dola 150, hata zikifika 1,500, haziwezi kukutoa ndani ya nyumba. Ila ada ya mwaka ni habari nyingine kabisa. Ada isipolipwa, mnada unawezekana, na watu wameshapoteza nyumba Texas kwa njia hiyo. Huyo kaka wa WhatsApp anayekushauri uzuie ada anakutoa mahali penye ulinzi anakupeleka mahali pasipo na ulinzi. Lipa ada yako siku yake, na kwenye hundi andika wazi kwamba ni ada ya mwaka fulani. Usihofu kwamba wataimega walipie faini kwanza halafu waseme ada imepungua. Sheria imepanga foleni ya malipo: ada iliyochelewa, ada ya sasa, gharama za kudai ada, na faini iko karibu na mkia.

Sasa chukua ile barua uiweke mezani pamoja na ukurasa wa akaunti yako, vitazamane. Barua imepostiwa tarehe 6 Julai. Faini zimeandikwa tarehe 12 na 26 Juni. Umeona? Kabla ya kutoza faini, HOA inatakiwa ikuandikie kwa barua ya posta yenye uthibitisho, ieleze kosa ni lipi, ikupe muda wa kutosha wa kurekebisha, ikutajie tarehe ya mwisho, na ikuambie kwamba una haki ya kuomba kusikilizwa na bodi. Karatasi ya kwenye kitasa siyo barua hiyo. Ile ni salamu tu, hata sisi tulikuwa tunaiita barua ya uungwana. Wangeweza kuruka hatua hii kama wangekuwa wamekwisha kukupa notisi kamili, pamoja na nafasi ya kurekebisha, kwa kosa hilo hilo ndani ya miezi sita iliyopita. Kwa maelezo yako hii ndiyo barua ya kwanza. Basi hizo dola 150 zimetangulia notisi yake, na hilo ndilo jambo la kwanza utakaloliweka mbele ya bodi. Lisemwe kwa tarehe tu, bila jazba. Kwenye bodi yetu ilikuwa hivyo: mtu akija na kilio tunamwonea huruma na faini inabaki, mtu akija na kalenda tunafuta.

Jambo la pili ni la haraka. Una siku 30 za kuomba kusikilizwa, na zinahesabiwa tangu siku barua ilipopostiwa. Siku uliyoichukua posta haihesabiwi. Zile siku tisa ilizokaa posta wakati wewe uko zamu zimeshaliwa. Mwisho wako ni tarehe 5 Agosti. Andika ombi fupi: nyumba namba fulani, nimepokea barua ya tarehe fulani, naomba kusikilizwa na bodi kuhusu makosa yote matatu na faini zilizotangulia barua hiyo. Lipeleke kwa posta yenye uthibitisho, na nakala kwa barua pepe ya kampuni inayosimamia mtaa. Usiishie kupiga simu. Ukipiga simu utajibiwa na kijana mpole atakayesema "nimeiandika", na siku ya siku hakuna alichoandika.

Wakishapokea ombi wana siku 30 za kuitisha kikao, na siku 10 kabla ya kikao wakuambie ni lini na wapi. Kabla ya siku hizo hizo 10 wakukabidhi kila watakachokitumia dhidi yako: picha, nyaraka, mawasiliano. Sehemu hii iliingizwa kwenye sheria mwaka 2021, na bodi nyingi bado huisahau. Wasipokupa, kikao kinasogezwa siku 15, ni haki yako. Kikaoni wao ndio wanaanza kueleza shitaka, wewe unafuata. Unaruhusiwa kurekodi sauti, na unaruhusiwa kuleta mtu wa kukusemea. Kama Kiingereza cha kikaoni kinakutia kigugumizi, mlete rafiki mwenye ulimi mwepesi. Usimlete mwanao wa darasa la tisa akatafsiri mama yake anavyoshitakiwa. Nimeliona hilo mara moja na sitaki kuliona tena.

Tuje kwenye makosa yenyewe. Usiyafunge bunda moja maana hayalingani uzito.

Majani yaliyokauka unashinda. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 Texas ina sheria inayokataza HOA kumtoza mtu faini kwa majani yaliyogeuka rangi wakati mgao wa maji uko kazini, na kinga hiyo inaendelea mpaka siku 60 baada ya mgao kuondolewa. Chapisha tangazo la mgao kutoka tovuti ya mji wenu, lenye tarehe, na uweke bili yako ya maji pembeni. Halafu fanya jaribio hili asubuhi ukitoka kazini. Majani ya mbele ya nyumba nyingi za huko kwenu ni ukoka, ule ule wa viwanja vya mpira vya nyumbani, na ukoka ukikosa maji hulala. Shika shada la majani karibu na udongo uvute. Likigoma kutoka, na shinani ukaona weupe au kijani kidogo, liko hai. Piga picha, kidole chako kikionekana. Likitoka lote kama nywele za mwanasesere, hapo pamekufa, na kinga ya sheria inazungumzia majani yaliyobadilika rangi, haizungumzii kipara chenye magugu. Kama una vipara, vitaje mwenyewe na useme utapanda lini mgao ukiisha.

Mapipa unashinda nusu. Kifungu cha 202.007 cha hiyo hiyo Texas Property Code kinaizuia HOA kukataza mboji, kukataza mapipa ya mvua, na kukataza mimea inayovumilia ukame. Lakini wanaruhusiwa kupanga pipa la mboji likae wapi na lifichwe vipi, na pipa la mvua likiwa kati ya uso wa nyumba na barabara wanaweza kulikataa kabisa. Pipa lako liko huko huko. Lihamishie kwenye bomba la paa la upande wa uani, la mboji liingie nyuma ya fensi, na uyahamishe kabla ya tarehe 31 Julai. Kosa la matunzo linahesabika ni la kurekebishika, na likirekebishwa ndani ya muda waliokupa, faini haitozwi. (Kuna makosa ambayo hayana nafasi hiyo, mfano kurusha fataki. Ukisharusha umesharusha.) Piga picha za kabla na baada, uzitume pamoja na lile ombi.

Sasa mboga. Hapa nitakukata maini kidogo, dada yangu. Kifungu hicho cha 202.007 hakitaji bustani ya mboga. Viazi vitamu vinavumilia jua, ndiyo, na unaweza kujenga hoja ya ukame juu ya matembele, lakini sheria hiyo hiyo inawaruhusu kukutaka upeleke mchoro na maelezo kwanza, na wewe umepanda bila kuuliza. Wanachokatazwa ni kuukataa mpango wako bila sababu ya maana, au kusema tu kwamba haupendezi. Kwa hiyo nakushauri utofautishe mimea miwili hii.

Mchicha uhamishe uani. Najua unauma. Ila utazame kwa macho ya mkaguzi anayepita na gari: Texas kuna ndugu yake mchicha, gugu la Palmer, linalowatesa wakulima wa pamba kupita kiasi, na mtu asiyekula mchicha haoni tofauti. Kwake umefuga gugu chini ya dirisha. Hutashinda kesi ya mchicha mbele ya nyumba na sioni kwa nini uipoteze nguvu yako hapo, wakati nyuma una ardhi.

Matembele yapiganie. Yule mmea wa jirani uliouinamia ni Ipomoea batatas, na jina hilo ndilo la kiazi kitamu unachokula. Maduka ya miche yanauza aina zake za zambarau na za kijani mbichi kama ua la kufunika udongo. Chora tuta lako kwenye karatasi, andika urefu na upana, ubandike picha, na katika nafasi ya jina la mmea andika Ipomoea batatas. Peleka kwa kamati ya usanifu ya mtaa. Usiandike mboga, maana ombi lako ni la mmea wa kufunika ardhi, na ndivyo ulivyo. Punguza pale yalipovuka ukingo wa njia, maana hapo kweli wamekukamata. Wakikataa, kwenye mitaa yenye viwanja zaidi ya 40 wanatakiwa wakujibu kwa maandishi, waeleze sababu na ubadilishe nini, na una siku 30 nyingine za kuomba bodi ikusikilize kuhusu kukataliwa huko.

Kuhusu jirani wa kona. Upige picha mmea wake kutoka barabarani, na nyumba nyingine tatu nne zenye majani makavu, tarehe ionekane. Mahakama za Texas huanza kwa kudhani HOA imetumia madaraka yake kwa haki, mpaka mwenye nyumba aonyeshe kwamba imefanya kiholela au kwa ubaguzi. Picha hizo ndizo za kuonyeshea. Lile neno usilolitaka kulitamka lina sheria yake, ile ya makazi ya haki ya mwaka 1968, inayokataza kubaguliwa kwa rangi au asili, na lalamiko hupelekwa HUD, wizara ya makazi ya Marekani, ndani ya mwaka mmoja. Mimi nisingelianza nalo kikaoni. Ningeuliza swali moja kwa upole: mwaka huu nyumba ngapi zimeandikiwa kwa majani makavu na kwa mmea huu? Kisha ningenyamaza, kinasa sauti kikiendelea. Jibu lao, au kukosa jibu kwao, utalijua thamani yake baadaye.

Kabla ya kikao omba pia nyaraka mbili. Ya kwanza ni sera ya faini: tangu Januari 2024 kila HOA ya Texas inayotoza faini lazima iwe na sera ya maandishi yenye aina za makosa na kiwango cha faini kwa kila aina, na iwafikishie wanachama. Tazama kama hizo dola 100 kwa wiki zimo. Ya pili ni kanuni yenyewe inayosema "mimea isiyoidhinishwa". Hii kaitafute kwa karani wa kaunti, maana kanuni ya HOA ambayo haijasajiliwa huko haina nguvu. Bodi yetu iliwahi kutumia mwaka mzima mwongozo wa bustani uliokuwa kwenye tovuti yetu tu, hakuna aliyeupeleka kaunti. Aligundua mzee mmoja mstaafu, na tuliona haya.

Wakishikilia faini pamoja na yote haya, mahakama ya hakimu wa amani ya eneo lenu inapokea kesi za mwenye nyumba dhidi ya HOA kwa kuvunja hiyo sura ya 209, hata bila wakili. Wala usitishwe na barua ya wakili wao: gharama zake alizozitumia kabla ya kikao chako kumalizika huwezi kubambikwa.

(Wasomaji wa majimbo mengine, msichukue tarehe hizi mkazitumia kwenu. Florida, kwa mfano, faini haipitishwi na bodi peke yake, kuna kamati ya watu wasiopungua watatu wasio wa bodi, na notisi ni siku 14. Kila jimbo na kitabu chake.)

Mume wako mwambie hivi: hayuko mbali na ukweli, kuna vya kung'oa. Ila asilipe hizo dola 150 kabla ya kikao. Tarehe 31 ndiyo inayokuja kwanza, kwa hiyo mapipa yahame wikiendi hii akiwa amerudi safari. Mchicha ung'oe jioni, jua likishuka, na udongo wake, uupande uani usiku huo huo. Ule ulioanza kutoa maua usihangaike kuuhamisha, uuache ukauke kwenye kigunia upate mbegu. Barua ya ombi ipeleke Jumatatu ukitoka zamu, na stakabadhi ya posta uipige picha hapo hapo dirishani kabla hujaiweka mfukoni.